Namna ya Kujadili Usajili: Anza na Dakika, Jina Litafuata

Dirisha la usajili linapofunguliwa, mashabiki hugawanyika kambi mbili kabla hata mchezaji hajapimwa afya: kambi ya wanaosema amechukuliwa kwa bei ya kutupwa, na kambi ya wanaosema klabu imepigwa. Nimeshiriki mijadala hiyo kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu nilibishana kama wengi wanavyobishana, yaani kwa jina la mchezaji, kwa mabao aliyofunga msimu uliopita na kwa kiasi cha fedha kilichotajwa kwenye habari. Siku hizi naamini kwamba utaratibu huo umegeuzwa kichwa chini miguu juu. Mjadala wenye maana huanza na pengo lililomo kikosini, pengo hilo hupimwa kwa dakika, na baada ya hapo ndipo bei inapoweza kuitwa kubwa au ndogo. Ninaeleza hapa jinsi ya kuufuata mpangilio huo, kwa hesabu ambazo mtu yeyote anaweza kuzifanya kwa kalamu na karatasi.

Hesabu dakika kabla ya kutaja jina

Ligi yenye timu 20 ina mechi 38 kwa kila timu, na kila mechi ina dakika 90, kwa hiyo kila nafasi uwanjani ina dakika 3,420 za ligi ambazo lazima zichezwe na mtu fulani. Timu inayotumia mabeki wawili wa kati ina dakika 6,840 za kugawa katika nafasi hizo mbili. Tuseme mabeki wako wawili wa chaguo la kwanza wana afya ya wastani, na kila mmoja anacheza dakika 2,600 katika msimu. Ukizijumlisha unapata 5,200, na zinabaki dakika 1,640, ambazo ni sawa na mechi 18 kamili za mtu mmoja. Kama timu inacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya, ongeza mechi 8 za hatua ya kwanza, na dakika nyingine 1,440 zinaingia kwenye hesabu ya nafasi hizohizo mbili kabla hujagusa vikombe vya ndani. Hapo utaona kwamba beki wa kati wa tatu, ambaye mashabiki humwita mchezaji wa akiba, ana kazi ya karibu nusu msimu hata pale ambapo hakuna balaa lolote lililotokea.

Fanya hivyo kwa kila nafasi. Andika jina la anayeanza, na pembeni yake uandike wastani wa dakika alizocheza kwa misimu mitatu iliyopita. Usiandike dakika za msimu mmoja uliokwenda vizuri, kwa kuwa mchezaji aliyecheza dakika 3,000 mara moja na 1,400 mara mbili ana wastani wa 1,933, na hizo ndizo unazopaswa kuzitarajia kwake. Chini ya jina hilo mwandike wa pili, kisha wa tatu kama yupo, ukikumbuka kwamba mchezaji mmoja hawezi kuhesabiwa kikamilifu katika nafasi mbili kwa wakati mmoja. Kiungo anayeweza pia kucheza beki wa kulia ni hazina kwa kocha, lakini siku anapokwenda kulia, dakika zake za katikati zinahitaji mtu mwingine. Kosa hili la kumhesabu mtu mmoja mara mbili ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko jingine lolote katika mijadala ya mashabiki, na mara nyingine hata klabu kubwa hulifanya.

Mfano ninaourudia kila mara ni Liverpool ya msimu wa 2020/21, kwa sababu mnyororo wake wote unaonekana wazi tangu mwanzo hadi mwisho. Klabu ilikuwa bingwa mtetezi wa Uingereza. Katika dirisha kubwa la 2020 ilimsajili Thiago Alcântara kutoka Bayern Munich na Diogo Jota kutoka Wolverhampton, na mashabiki wake wengi walishangilia, maana majina yote mawili yalikuwa ya kushangiliwa. Katika dirisha hilohilo Dejan Lovren aliuzwa kwa Zenit, na hakuna beki wa kati mzoefu aliyeletwa mahali pake. Wakabaki watatu, yaani Virgil van Dijk, Joe Gomez na Joël Matip. Watatu kwa nafasi mbili ni idadi inayotosha kwa kuitazama juu juu, lakini Gomez na Matip walikuwa tayari na historia ndefu ya majeraha, na mtu aliyeandika wastani wa dakika zao karatasini angeliona tundu lile mwezi Agosti.

Tarehe 17 Oktoba 2020 van Dijk aliumia goti katika mechi dhidi ya Everton. Mwezi uliofuata Gomez akaumia goti akiwa kambini na timu ya taifa, na mwishoni mwa Januari msimu wa Matip nao ukaishia hapo. Kocha Jürgen Klopp akawarudisha nyuma Fabinho na Jordan Henderson, ambao ni viungo, na kuziba tundu la nyuma kukafungua tundu jingine katikati ya uwanja. Timu ambayo ilikuwa imecheza mechi 68 za ligi katika uwanja wake bila kupoteza ikafungwa mechi 6 za ligi mfululizo palepale Anfield. Siku ya mwisho ya dirisha dogo wakaletwa Ozan Kabak kwa mkopo na Ben Davies kutoka Preston, na Davies aliondoka klabuni baadaye bila kucheza hata mechi moja ya mashindano. Waliosimama nyuma hadi mwisho wa msimu, timu ikimaliza katika nafasi ya 3, walikuwa Nat Phillips na Rhys Williams, vijana ambao hakuna aliyewataja wakati wa kushangilia usajili. Katika dirisha lililofuata klabu ikamnunua Ibrahima Konaté kutoka RB Leipzig. Ukitaka kumshawishi mtu kwamba beki wa tatu wa bei ya wastani anaweza kuwa na thamani kuliko winga wa nne mwenye jina, msimulie msimu huu kwa mpangilio wa tarehe.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao ni kwamba jina kwenye orodha halijazi dakika kama kocha hamwamini mwenye jina hilo. Manchester City ilimnunua Kalvin Phillips kutoka Leeds mwaka 2022 ili awe msaidizi wa Rodri katika nafasi ya kiungo mkabaji, lakini hakupata nafasi ya kudumu, na kufikia msimu wa 2024/25 alikuwa Ipswich kwa mkopo. Rodri alipoumia goti tarehe 22 Septemba 2024 dhidi ya Arsenal, timu iliyokuwa imetwaa ubingwa mara nne mfululizo haikuwa na mtu wa kufanya kazi yake. Katika vuli ileile ilifungwa mechi 5 mfululizo katika mashindano mbalimbali, na mwezi Februari 2025 ikamnunua Nico González kutoka Porto. Kwa hiyo unapopima upana wa kikosi, jiulize timu inashuka kiasi gani pale wa kwanza anapotoka na wa pili anapoingia. Timu yenye wachezaji 27 inaweza kuwa nyembamba kuliko yenye 22 ikiwa katika nafasi moja muhimu mteremko huo ni mkali.

Benchi nalo lina uzito tofauti siku hizi. Kanuni ya kubadilisha wachezaji watano ilianza kwa muda mwaka 2020, ikawa ya kudumu katika sheria za mchezo mwaka 2022, na Ligi Kuu ya Uingereza ikaipokea tangu msimu wa 2022/23. Kocha anaweza kubadili nusu ya wachezaji wake wa ndani katika mechi moja, na nafasi zinazobadilishwa zaidi ni za washambuliaji, mawinga na viungo, wakati mabeki wa kati na kipa hutolewa mara chache. Ndiyo maana winga wa tatu huvuna dakika nyingi katika vipande vidogovidogo, ilhali beki wa kati wa tatu hukaa nje kwa majuma kisha akahitajika kwa mechi 10 mfululizo. Hao ni wachezaji wa aina mbili tofauti kabisa, na ni vibaya kuwapima kwa kigezo kimoja.

Kabla ya kutoka kwenye orodha, kumbuka kanuni za usajili wenyewe. Katika Ligi Kuu ya Uingereza klabu huandikisha wachezaji wasiozidi 25 waliovuka umri wa miaka 21, na kati yao wasiozidi 17 ndio wanaoruhusiwa kuwa hawakulelewa kisoka nchini humo. Kulelewa maana yake ni kuandikishwa na klabu ya Uingereza au Wales kwa misimu mitatu kabla ya kutimiza miaka 21, na uraia wa mchezaji hauangaliwi. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, nayo hutenga nafasi 8 kati ya 25 kwa wachezaji waliolelewa ndani. Kwa hiyo mchezaji wa kawaida aliyelelewa ndani anaweza kugharimu zaidi ya mwenzake wa kiwango hichohicho kutoka nje, na anayelalamikia bei yake bila kuitazama orodha ameacha nusu ya habari.

Bei huwekwa na hali ya muuzaji

Mashabiki huzungumza kana kwamba kila mchezaji ana thamani moja ya haki, na klabu ikilipa zaidi ya hapo imedanganywa. Ukweli ni kwamba ada ya uhamisho ni fedha ambayo klabu hudai ili ikubali kuuachia mkataba ulio hai, na kwa sababu hiyo jambo la kwanza la kuuliza ni miaka mingapi imebaki katika mkataba huo. Tangu hukumu ya mahakama ya Ulaya katika kesi ya mchezaji Bosman, ya tarehe 15 Desemba 1995, mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha huondoka bure, na hivyo kila mwezi unaopita humpunguzia muuzaji nguvu. Kylian Mbappé, ambaye Paris Saint-Germain ilimchukua kutoka Monaco kwa euro milioni 180, alijiunga na Real Madrid mwaka 2024 bila ada ya uhamisho kwa sababu tu mkataba wake ulikuwa umekwisha.

Linganisha na Moisés Caicedo. Brighton ilimsajili mwaka 2021 kutoka Independiente del Valle ya Ecuador kwa kiasi kidogo, na mwezi Machi 2023 akatia saini mkataba mpya mrefu. Ilipofika Agosti, Liverpool na Chelsea zote zilimtaka, Brighton haikuwa na shida ya fedha, na Chelsea ikamchukua kwa pauni milioni 100 pamoja na nyongeza za pauni milioni 15. Kilichopandisha bei ni mkataba mrefu, muuzaji asiye na haraka na wanunuzi wawili wanaogombana, juu ya kipaji ambacho kilikuwapo tangu mwanzo. Ukiondoa hata kimoja kati ya hivyo vitatu, mchezaji yuleyule anauzwa kwa kiasi kingine.

Swali la pili ni kama kuna kifungu cha kuvunja mkataba, yaani kiasi kilichoandikwa mkatabani ambacho kikilipwa klabu haiwezi kumzuia mchezaji. Neymar alitoka Barcelona mwaka 2017 kwa euro milioni 222, ada ambayo haijavukwa hadi sasa, kwa kuwa hicho ndicho kiasi kilichoandikwa katika mkataba wake na Paris Saint-Germain ikakilipa chote. Erling Haaland alitoka Borussia Dortmund mwaka 2022 kwa euro milioni 60 kwa sababu hiyohiyo, ingawa kila mtu alijua kwamba sokoni angefika mbali zaidi. Wa kwanza hutajwa kama mfano wa wazimu na wa pili kama mfano wa ujanja, na katika visa vyote viwili namba ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla mnunuzi hajapiga simu.

Gawanya gharama kwa mwaka

Ada inayotangazwa ni sehemu tu ya gharama. Ukitaka kulinganisha wachezaji wawili, igawe ada kwa miaka ya mkataba kisha ujumlishe mshahara wa mwaka mzima. Chukua mchezaji mwenye miaka 23 aliyenunuliwa kwa pauni milioni 60 kwa mkataba wa miaka mitano, na mshahara wa pauni 150,000 kwa wiki. Ada inakuwa milioni 12 kwa mwaka, mshahara unakuwa milioni 7.8, na jumla ni milioni 19.8. Sasa mchukue mchezaji huru mwenye miaka 30, asiye na ada, anayelipwa pauni 250,000 kwa wiki kwa miaka minne na aliyepewa milioni 10 za kusaini. Mshahara wake ni milioni 13 kwa mwaka, fedha ya kusaini ikigawanywa ni milioni 2.5, na jumla ni milioni 15.5. Tofauti kati ya huyu anayeitwa ghali na huyu anayeitwa bure ni milioni 4.3 kwa mwaka. Tena yule kijana, akiuzwa baada ya miaka mitatu, atakuwa amebakiwa na thamani ya milioni 24 katika vitabu vya hesabu vya klabu, na kila pauni itakayopatikana juu ya hapo inaandikwa kuwa faida, wakati yule wa miaka 30 huenda asirudishe chochote. Kamisheni ya wakala nayo ipo katika dili zote mbili, na kwa mchezaji huru mara nyingi huwa nono zaidi, kwa sababu fedha ambayo ingekwenda kwa klabu inatafutiwa mlango mwingine.

Hesabu hii ya kugawa kwa miaka ndiyo iliyowafanya Chelsea watoe mikataba mirefu. Enzo Fernández alinunuliwa kutoka Benfica mwezi Januari 2023 kwa pauni milioni 106.8 na akapewa mkataba wa miaka minane na nusu. Ukigawa unapata takriban milioni 12.6 kwa mwaka, ilhali kwa miaka mitano ingekuwa milioni 21.4. UEFA ikaweka kikomo cha miaka mitano katika hesabu hiyo mwaka 2023, na klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zikapiga kura kufanya hivyo mwezi Desemba mwaka uleule. Mkataba unaweza bado kuwa mrefu, lakini ada haigawanywi tena zaidi ya miaka mitano.

Hapo ndipo pia panapoeleweka kwa nini klabu huuza vijana iliowalea yenyewe, jambo linalowauma mashabiki, nami likiwamo katika yale yanayoniuma sana. Kijana wa akademia hana ada iliyobaki vitabuni, kwa hiyo akiuzwa kwa milioni 40 zote 40 zinaingia upande wa faida katika mwaka huohuo. Kanuni za Ligi Kuu ya Uingereza ziliruhusu hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, na waliovuka waliadhibiwa kweli: Everton ilipokwa pointi 10 mwezi Novemba 2023, zikapunguzwa kuwa 6 baada ya rufaa, kisha ikapokwa nyingine 2. Nottingham Forest ilipokwa 4 mwezi Machi 2024, na kisa chake kinastahili kukumbukwa. Klabu ilichelewa kumuuza Brennan Johnson hadi Septemba 2023 ili ipate bei nzuri zaidi, na ikaipata, lakini mwaka wake wa hesabu ulikuwa umefungwa mwisho wa Juni. Uuzaji ulioonekana wa busara sokoni ukawa umechelewa kwenye vitabu. Kwa hiyo ukiona klabu inauza kwa pupa katika siku za mwisho za Juni, usikimbilie kusema viongozi wamechanganyikiwa kabla hujaitazama tarehe.

Kuhusu kulinganisha bei za zamani na za sasa, nitasema kwa ufupi. Alan Shearer alikwenda Newcastle mwaka 1996 kwa pauni milioni 15, na hiyo ilikuwa rekodi ya dunia. Kutumia namba hiyo kumkebehi mchezaji wa leo hakusaidii lolote, kwa sababu mapato ya televisheni yamebadilika mno tangu wakati ule. Linganisha na ada nyingine za dirisha hilohilo, katika nafasi hiyohiyo na umri unaokaribiana.

Namna ya kuuendesha mjadala wenyewe

Tetesi zisichanganywe na dili. Klabu kuulizia, klabu kutuma ofa, klabu mbili kukubaliana, na mchezaji kutia saini ni hatua nne tofauti, na mwaka 2015 uhamisho wa David de Gea kwenda Real Madrid ulikwama siku ya mwisho kwa sababu nyaraka zilichelewa, ingawa klabu zilikuwa zimeshakubaliana. Unapotoa hoja, taja hatua iliyofikiwa.

Mwenzako akisema mchezaji fulani hafai, mwombe ataje nafasi, dakika na gharama ya mwaka, na wewe uwe tayari kuulizwa hayohayo. Mkishakubaliana kuhusu pengo, mara nyingi mtakuta kwamba ubishi uliobaki ni mdogo na wa haki, kwa mfano kama timu inahitaji beki anayekaba au anayepanda. Mzungumzie mchezaji kwa kazi yake. Mtu aliyevunjika mguu hakuiibia klabu fedha, na bei aliyonunuliwa hakuipanga yeye.

Dirisha likifungwa, rudi kwenye karatasi yako. Kwa kila aliyesajiliwa andika tarehe, nafasi, gharama ya mwaka, na idadi ya dakika unazotarajia acheze kufikia mwisho wa Desemba. Kwa kila aliyeuzwa andika dakika zilizoondoka naye na nani anatakiwa kuzibeba. Mpe mwenzako mnayebishana naye nakala, naye akupe yake. Dirisha dogo linapokaribia kufunguliwa mwezi Januari, zilinganisheni na dakika zilizochezwa, nafasi kwa nafasi, na muanzie pale ambapo pengo ni kubwa zaidi.